Barua ya wazi kwa kamati ya mashindano ya glaida Dodoma: kanuni ziandikwe kabla ya ndege ya kwanza kurushwa

Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya maandalizi,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Ninawaandikia nikiwa mwalimu wa fizikia hapa Dodoma, na nikiwa mmoja wa watunza muda mliowaita katika mashindano ya kiangazi kilichopita ya ndege ndogo zinazoelea angani na kuongozwa kwa rimoti, ambazo wenyewe tumezoea kuziita glaida. Ninaandika hadharani kwa sababu wengi wa walioshiriki ni wanafunzi na mafundi vijana ambao hawana nafasi ya kuingia katika vikao vyenu, na ninalolisema linamhusu kila aliyesimama uwanjani siku ile. Ombi langu ni moja: kanuni za mashindano yajayo ziandikwe, zitangazwe angalau siku 30 kabla, na zisibadilishwe uwanjani na mtu yeyote, wakiwamo wenye mashindano.

Nieleze kwanza lililonikosesha usingizi. Siku ile tulikuwa na washiriki 18, wakagawanywa makundi matatu ya watu sita. Ratiba tuliyosomewa asubuhi ilisema kila kundi lingeruka raundi tatu. Kundi la kwanza lilirusha saa mbili na robo asubuhi. Baada ya hapo tukasimama kumsubiri mgeni rasmi, na kundi la tatu lilirusha saa saba kasoro mchana. Raundi ya pili na ya tatu hazikufanyika. Mwisho wa siku pointi za wote 18 zikaandikwa kwenye ubao mmoja, aliyekaa angani muda mrefu akawekwa juu, na zawadi zikatolewa kwa mpangilio huo.

Anayeijua anga ya Dodoma wakati wa kiangazi anaona kasoro hapo hapo. Saa mbili asubuhi hewa imelala. Ardhi bado imeshika ubaridi wa usiku, moshi wa majiko ya mkaa unapanda wima, na glaida ikiachiwa haina cha kuishika juu ila ustadi wa aliyeiunda na wa anayeiongoza. Kuanzia saa nne jua huipasha moto ardhi ile nyekundu, na hewa iliyopashwa moto juu ya mabaka makavu huanza kuachana na ardhi na kupanda. Mwewe ndio wanaotangulia kuigundua, wakizunguka bila kupiga bawa. Ikifika saa saba mikondo hiyo ina nguvu ya kuibeba hata glaida nzito iliyoundwa bila uangalifu. Kumlinganisha aliyeruka saa mbili na aliyeruka saa saba kwa kuhesabu sekunde peke yake ni kulinganisha hewa mbili, na ustadi wa warushaji hauonekani humo.

Mimi nilimshikia saa binti wa kidato cha tatu katika kundi la kwanza. Glaida yake ilichongwa kutoka kwenye boksi jeupe la kusafirishia samaki, bawa likaimarishwa kwa fito ya mwanzi na kufungwa selotepu kwa utaratibu ambao sikuuona kwenye ndege nyingine yoyote ya siku ile. Katika hewa iliyolala aliizungusha taratibu, bila kuikunja ghafla hata mara moja, akakaa angani dakika 4 na sekunde 3, akatua karibu sana na nukta, yaani alama ya kutulia iliyowekwa uwanjani. Kwa sekunde 243 na pointi 45 za kutua alipata pointi 288. Bora wa kundi lake alipata 290. Mchana, bora wa kundi la tatu alikaa dakika 9 na sekunde 52 akapata jumla ya pointi 622, na aliyekuwa wa mwisho katika kundi hilo, ambaye hakupata pointi hata moja ya kutua, alipata 380. Kwa hiyo kwenye ubao wenu binti yule aliwekwa chini ya mtu aliyeshindwa na kila mmoja aliyeruka naye katika hewa ile ile.

Dawa ya jambo hili haihitaji kubuniwa, kwa sababu imo katika kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, lililoanzishwa mwaka 1905 na lenye makao yake Lausanne, Uswisi. Katika madaraja ya glaida za kukaa angani, kama F3J ya glaida zinazovutwa kwa kamba na F5J ya glaida zenye mota ya umeme, kila kundi hupewa muda mmoja wa pamoja wa dakika 10, na mshindi wa kundi hupewa pointi 1000. Wengine wote wa kundi hilo hupata sehemu yao ya hizo 1000 kwa kugawa pointi zao kwa pointi za mshindi. Binti yule angepata 993, na yule wa mwisho wa mchana angepata 611. Pointi za namna hiyo ndizo zinazoweza kuandikwa kwenye ubao mmoja kwa haki, kwa kuwa kila mtu amepimwa dhidi ya wale aliopumua nao hewa moja. Hesabu yenyewe ni kuzidisha na kugawa, na mwanafunzi yeyote mwenye simu anaweza kuihakiki papo hapo.

Hata hivyo hesabu hiyo peke yake haitoshi kama raundi ni moja, kwa sababu kundi linaweza kuwa na mtu mmoja hodari mno akawateremsha wenzake wote. Ndiyo maana ninaomba raundi zisipungue nne, na kila raundi makundi yachanganywe upya ili watu wasikutane wale wale. Kura ya makundi ipigwe jioni ya kuamkia mashindano mbele ya washiriki na kubandikwa ubaoni, isipigwe asubuhi wakati watu wamekwisha kuangalia upepo. Muda upo. Kundi moja linahitaji dakika 5 za kujiandaa, 10 za kuruka, na kama 5 za kupima na kuondoa ndege, yaani dakika 20. Makundi matatu ni saa moja, na raundi nne ni saa nne. Tukianza saa mbili kamili asubuhi tutamaliza saa sita, kabla upepo wa mchana haujachachamaa, na hapo hotuba, ngoma na zawadi zitapata nafasi yake bila kuathiri matokeo ya mtu. Namheshimu mgeni rasmi kama mnavyomheshimu. Ninachoomba ni kwamba kanuni iseme wazi kuwa kundi lililokwisha kuitwa halisimamishwi kwa sababu ya shughuli nyingine yoyote isipokuwa usalama.

Naja kwenye kazi yangu mwenyewe, ya kutunza muda. Kiangazi kilichopita wengi wetu tulitumia simu. Mwenzangu aliyesimama hatua chache kutoka kwangu alipigiwa simu ndege yake ikiwa angani. Alipoikata na kurudi kwenye saa, alikuta imesimama, akalazimika kukisia. Mshiriki wake hakuwa na la kufanya, maana hakukuwa na kanuni ya kumpa haki yake. Kanuni iandikwe kwamba saa huanza pale glaida inapoachia mkono au ndoano ya kamba ya kurushia, na husimama pale inapogusa ardhi au kitu kilichoshikamana na ardhi. Kwamba sehemu ya sekunde hukatwa na haipandishwi. Na kwamba simu yoyote inayotumika kama saa iwe imezimiwa mtandao. Glaida ikiwa bado angani muda wa kundi unapokwisha, pointi za kutua zipotee, na ikipitiliza kwa zaidi ya dakika moja, ruko lote lihesabiwe sifuri, kama ilivyo kimataifa.

Mtunza muda akikosea, mshiriki aruke upya. Aruke upya pia yule ambaye ndege yake imegongana na nyingine angani, au amezuiwa na jambo lisilotarajiwa lililo nje ya uwezo wake. Kundi la marudio likikosa watu wa kutosha, wajaziwe kwa kura, na wale waliojazia wachukue matokeo yaliyo bora kati ya mawili, ilhali yule mwenye haki ya kurudia anafungwa na matokeo ya marudio yake. Utaratibu huu unaonekana mgumu kwenye karatasi, lakini uwanjani unaokoa mabishano mengi.

Hapa lipo swali ambalo vitabu vya Ulaya havitusaidii sana, nalo ni la chamchela. Kila mwenyeji wa huku ameona nguzo ya vumbi ikivuka uwanja mkavu na kubeba majani na mifuko. Je, glaida ikikumbwa na chamchela, mrushaji apewe marudio? Nimelifikiria sana, na maoni yangu ni kwamba asipewe kwa sababu ya kukumbwa tu. Chamchela ni ishara ya hewa inayopanda. Mrushaji mwenye macho huiona kabla haijafika na huamua kuikaribia au kuikwepa, na uamuzi huo ni sehemu ya ustadi tunaoupima. Lakini ikipita juu ya eneo la kutulia ikang'oa kamba za kupimia, au vumbi likawafunika watunza muda wasizione ndege zao, basi kundi zima lirudie, si mmoja mmoja. Mnaweza kuliona kwa namna nyingine, nami nitaikubali kanuni yoyote mtakayoandika. Nisichoweza kukubali ni kwamba lisiandikwe, halafu liamuliwe kwa kuangalia aliyekumbwa ni nani.

Kuhusu upepo wa kawaida, kanuni za F5J zinasimamisha mashindano upepo ukizidi mita 12 kwa sekunde kwa dakika nzima, ukipimwa mita mbili juu ya ardhi. Kwa ndege zetu za maboksi na mianzi huo ni upepo mkali mno. Ninapendekeza mita 8, na kipimo kisomwe na mtu asiye mshiriki. Jambo jingine ambalo wageni kutoka Dar es Salaam hawakuambiwa ni kwamba Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani, na joto la mchana huifanya nyepesi zaidi. Glaida ile ile inatua hapa kwa kasi iliyozidi kwa kama asilimia 5 ile iliyozoeleka ufukweni. Niliona ndege mbili za wageni zikipitiliza nukta na kuvunjika pua kwenye udongo mgumu katika ruko lao la kwanza. Siku moja ya majaribio kabla ya mashindano ingewatendea haki.

Kurusha ndiko kuliko na pengo kubwa zaidi la fedha kati ya washiriki, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mliwachanganya waliotumia mpira wa kuvuta, yaani mpira unaonyumbuka ambao ukivutwa na kuachiwa huirusha glaida juu, na waliokuwa na mota ya umeme. Mwenye mota alipanda mpaka alipotaka, akazima, akaanza kuelea. Mwenye mpira aliishia pale mpira wake ulipomfikisha. Hayo ni mashindano mawili, na yapewe matokeo mawili. Kwa wenye mota, kanuni ya F5J inataka kila ndege ibebe altimita ndogo inayorekodi kimo cha juu kabisa tangu kuachiwa hadi sekunde 10 baada ya mota kuzimwa, na mota isizidi sekunde 30. Kila mita hadi mita 200 hukatwa nusu pointi, na kila mita inayozidi hapo hukatwa pointi 3. Aliyezima kwenye mita 150 hupoteza pointi 75. Aliyepanda hadi mita 220 hupoteza 160. Hivyo anayejiamini huzima mapema na kutafuta hewa inayopanda, na huo ndio uzuri wa mchezo wenyewe. Asiye na altimita asiruhusiwe kutumia mota, ila kamati iwe na altimita chache za kuazimisha, zizunguke kutoka kundi hadi kundi.

Kwa wenye mpira, mpira uwe wa kamati na uwe mmoja kwa wote: urefu ule ule, kamba ile ile, na uvutwe hadi mizani ya kuning'iniza isome kilo zilizokubaliwa, si hadi mtu achoke. Kiangazi kilichopita niliona kijana akivuta mpira wa kununua, mpya, mwekundu, na pembeni yake mwenzake akivuta vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vilivyofungwa fundo kwa fundo. Fundo moja likakatika kabla glaida haijaachiwa. Alilifunga upya huku saa ya kundi ikitembea, na alipofanikiwa kurusha dakika tatu zilikuwa zimekwisha.

Kutua kupimwe kwa kamba, si kwa hatua za mtu. Kamba ya mita 10 yenye fundo kila mita, iliyofungwa kwenye kigingi kilichopigwa katikati ya nukta, inatosha: ndani ya mita moja pointi 50, ndani ya mbili 45, na kuendelea kushuka kwa tano tano hadi pointi 5 kwenye mita ya 10. Kipimo kianzie kwenye pua ya ndege pale iliposimama. Ndege ikimgusa mrushaji au msaidizi wake wakati wa kutua, pointi za kutua zisihesabiwe, na ikisimama zaidi ya mita 75 kutoka kwenye nukta, ruko lote liwe sifuri. Kanuni hii ya mwisho inaonekana kali, lakini uwanja wetu unapakana na njia ya mifugo, na inamlazimisha mrushaji kuanza kurudi mapema badala ya kuishusha ndege kwenye ng'ombe na wachungaji.

Usalama usiachwe kwa mtangazaji mwenye kipaza sauti. Wekeni mstari wa chokaa ambao mtazamaji havuki na ndege haipiti kwa chini, na adhabu iandikwe: pointi 300 zikatwe kwa ndege iliyogusa kitu ndani ya eneo la watazamaji, na 1000 iliyogusa mtu. Ndoo ya mchanga iwe karibu na meza ya betri, maana betri za lithiamu zikipasuka huwaka moto ambao maji kidogo hayauzimi. Rimoti za kizazi cha sasa, za gigahezi 2.4, hutafuta nafasi zenyewe na hazigongani kirahisi, lakini bado wapo wenye rimoti kuukuu za fuwele, na mbili za chaneli moja zikiwashwa pamoja ndege moja huanguka. Zikusanywe zote mezani asubuhi, na kila moja ichukuliwe kwa zamu.

Kuhusu mahali, kiwanja cha ndege cha Dodoma kiko ndani ya jiji, na cha Msalato kiko kaskazini kwenye barabara ya kwenda Arusha. Eneo la mashindano lichaguliwe mbali na njia za ndege za viwanja hivyo, na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kiwe mkononi mwa mkurugenzi wa mashindano kabla tangazo halijatoka. Nakala yake ibandikwe karibu na ubao wa kura, ili hata askari akifika aone karatasi na asilazimike kumsikiliza kila mtu.

Na ikitokea mtu ameona amedhulumiwa, awe na pa kwenda. Pingamizi liandikwe, lipelekwe kwa mkurugenzi ndani ya saa moja tangu matokeo ya raundi kubandikwa, na lisikilizwe na jopo la watu watatu ambao hakuna hata mmoja wao mwenye ndugu au mwanafunzi anayeshiriki. Ada ya pingamizi iwe ndogo ambayo mwanafunzi anaweza kuimudu, na arudishiwe akishinda. Binti niliyemshikia saa aliniuliza, akiwa ameshika bawa lake mkononi, "Mwalimu, nimwambie nani?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu hapakuwa na aliyepangwa kusikiliza.

Sisemi haya kwa kuidharau kazi mliyofanya. Mliwapata vijana 18 kuunda ndege kwa mikono yao na kuzirusha mbele ya watu, jambo ambalo katika miaka yangu ya kufundisha sikuwa nimeliona hapa. Nimeandaa rasimu ya kanuni zote nilizozitaja, kurasa sita kwa Kiswahili, na niko tayari kuipitia nanyi kifungu kwa kifungu Jumamosi yoyote mtakayopanga. Kamba yenye mafundo nimekwisha kuifunga, na mizani ya kuning'iniza ninayo nyumbani. Nitavileta vyote siku hiyo ili tuvijaribu uwanjani kabla hatujaandika neno la mwisho.

Wenu katika mchezo,

Mwalimu wa fizikia na mtunza muda wa kundi la kwanza,
Dodoma